Matuta ya Mlalo na Mita Sitini za Mlowo: Ardhi, Maji na Amri ya Serikali

Makala hii imetokana na swali tuliloulizwa Mlowo, nalo swali hilo hatukuweza kulijibu siku ile. Mlowo ni mji wa biashara katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na kando ya reli ya TAZARA. Wasafiri wengi huujua kwa magunia ya mahindi na kwa kahawa, lakini mwenyeji wa huko huzungumzia zaidi mabonde. Kiangazi kinapokausha uwanda wa Mbozi, ni bondeni tu ambapo udongo hubaki na unyevu. Huko hulimwa maharage, mboga, viazi na mahindi mabichi ya kuziba pengo la njaa kabla ya mavuno. Ndugu zetu wa Iringa na Njombe huziita bustani hizo vinyungu, na jina hilo limeenea hata upande huu.

Baada ya ibada ya Jumapili mzee mmoja wa usharika alituomba tufuatane naye hadi kwenye bustani yake. Tulipofika alituonyesha kigingi kilichopigwa katikati ya matuta ya maharage. Upande wa juu wa kigingi, alisema, aliambiwa anaweza kuendelea kulima. Upande wa chini, ulio karibu na kijito, asiguse tena. Upande wa juu ulikuwa kipande chembamba kisichozidi hatua kumi. Kisha akauliza, kwa upole, bila hasira yoyote: "Baba Mchungaji, shamba hili nilirithi kwa baba, naye alirithi kwa babu. Leo ni la nani?"

Tulimwambia kwamba sheria ipo, na kwamba maji yasipotunzwa wajukuu wake hawatakuwa na bonde la kurithi. Hayo yalikuwa kweli, wala hayakuwa jibu la swali lake. Tangu hapo tumejaribu kuitafuta historia ya swali hilo, kwa maana tuliamini kwamba halikuulizwa mara ya kwanza Mlowo. Wala hatukukosea.

Tuianze sheria yenyewe, ili msomaji ajue tunazungumzia nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, mwambao wa ziwa au bahari, na bwawa la maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliifuata njia hiyo hiyo. Mita 60 katika mto mkubwa wa tambarare si jambo kubwa. Lakini katika nchi ya vilima na vijito, bonde lenye upana wa mita 120 lina ukingo pande mbili. Ukipima 60 huku na 60 kule, bonde lote limekwisha. Mtunga sheria aliyekaa Dodoma au Dar es Salaam huenda hakuiona hesabu hiyo. Mkulima wa Mbozi aliiona siku ya kwanza.

Basi twende Usambara.

Mwaka 1891 ulikuwa mwaka wa kukumbukwa katika historia ya Injili nchini mwetu. Mwaka huo Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na mwaka huo huo Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, waliotumwa na umisheni ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Betheli, walijenga kituo chao Mlalo, katika milima ya Usambara. Kwa hiyo Mlalo ni mama wa sharika nyingi za Kilutheri upande wa kaskazini-mashariki. Wachungaji wengi wamesikia habari za kituo hicho. Wachache wamesikia kwamba miaka 55 baadaye bonde hilo hilo lilikuwa uwanja wa mapambano makali kati ya serikali na wakulima juu ya utunzaji wa udongo.

Washambaa walikuwa na hekima yao ya ardhi. Kila jamaa ilipenda kuwa na mashamba mahali mbalimbali: migomba karibu na nyumba, mahindi mlimani, bustani za kumwagilia bondeni, na pengine shamba kule nyikani, ili mahali pamoja pakikosa mvua pengine papate. Asiye na ardhi ya kutosha aliazima kwa jirani au kwa mjomba kwa msimu mmoja au miwili. Lakini katika miaka ya 1930 na 1940 watu walikuwa wameongezeka, misitu mingi ilikuwa imetengwa na serikali, na sehemu nyingine ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Mapumziko ya ardhi yalifupishwa. Mmomonyoko ulionekana kwa macho. Hatutaki msomaji afikiri kwamba maafisa wa kilimo waliubuni. Udongo wa Usambara ulikuwa unakwenda kweli.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mpango wa Mlalo, na kuanzia mwaka 1950 ukapanuliwa katika sehemu nyingine za Usambara. Amri zilikuwa nyingi: kulima kwa matuta yanayofuata kontua ya mlima, kuacha kabisa kulima mazao ya msimu kwenye miteremko mikali, kutochoma majani, kuzuia mifugo isizurure, kuacha kingo za vijito. Atakayevunja amri alipigwa faini mbele ya baraza la jumbe wake. Amri zote hizo zilikuwa na sababu nzuri za kitaalamu. Hata hivyo matuta yaligeuka kuwa jina la chuki, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi nchi ile haikutulia.

Kwa nini? Hapo ndipo mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wasomi wa kikulima wa Usambara, anapotusaidia sana, nasi tunamshukuru ingawa hatukubaliani naye katika kila jambo. Sababu ya kwanza ilikuwa kazi. Kuinua matuta kwenye mteremko ni kazi nzito, na mzigo mkubwa ulianguka juu ya wanawake, ambao ndio waliolima mashamba ya chakula. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika kupinga, jambo ambalo ripoti za wakubwa zilishindwa kulieleza vizuri.

Sababu ya pili ilikuwa milki. Fikiri habari za mwanamke aliyeazima shamba kwa msimu mmoja. Ataweka jasho la miezi mingi katika matuta ya kudumu kwa faida ya nani? Na mwenye shamba, je, atamwazima tena mtu ambaye matuta yake yatampa haki ya kudai kwamba shamba ni lake? Amri iliyohusu udongo tu, kwa maneno yake, ilikuwa inabadili kimya kimya desturi nzima ya kumiliki na kuazimana, na watu maskini ndio waliotegemea desturi hiyo. Tena watu walishuku kwamba serikali ikishapima na kupanga ardhi yao itasema ni yake. Walikuwa wameona misitu ikipimwa namna hiyo hiyo.

Sababu ya tatu inawahusu wanatheolojia hasa. Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpima mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala mmoja mwenye nguvu huiponya nchi kwa mvua na amani. Watawala wanaoshindana nguvu kwa nguvu huiharibu. Maofisa walipokuja na lugha ya kuihifadhi nchi, watu waliitafsiri kwa lugha yao, wakauliza: huyu anayetoza faini, mvua imenyesha katika siku zake? Magogo, mfalme wa Vugha, alijikuta katikati. Kwa serikali alikuwa mtumishi aliyepaswa kutekeleza mpango. Kwa watu alikuwa mtu wa mvua, na walisema ameiuza nchi. Mwaka 1947 aliacha kiti. Sisi tunaona kwamba mtu yule alionewa na pande zote mbili, lakini huo ni mkasa wa kila kiongozi anayepewa kazi ya kutangaza amri asiyoitunga.

Na Kanisa? Wakati ule wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa sababu ya vita, na kazi yao ilihesabiwa miongoni mwa misheni yatima zilizotunzwa kwa msaada wa Waluteri wa Marekani. Sharika ziliongozwa kwa sehemu kubwa na wachungaji na walimu wenyeji, ambao wake zao na mama zao walikuwa na jembe mkononi kama wengine. Tunajaribu kuwaza ilikuwaje kwa mchungaji wa namna hiyo kusimama mimbarani Jumapili, siku moja kabla ya baraza la faini. Faida ya wazo hilo tutaiona tukirudi Mlowo.

Yaliyotokea Uluguru yajulikana zaidi, kwa hiyo tutayapitia kwa haraka. Mpango wa matumizi ya ardhi uliokazwa huko tangu mwaka 1950 ulidai ngazi za udongo mlimani, na mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango uliachwa kabla ya mwaka huo kwisha. Huko Usambara matuta yalikufa polepole, kwa faini zisizolipwa na majembe yaliyowekwa chini, hata kufikia miaka ya mwisho ya 1950. Chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilipata wanachama wengi katika milima hiyo kwa sababu kilionekana kusimama pamoja na waliochoshwa na matuta. Ni vema kulikumbuka jambo hilo, maana mara nyingi husemwa kwamba uhuru wetu ulipiganiwa mijini. Kwa sehemu kubwa ulipiganiwa kwenye miteremko.

Lakini uhuru haukulijibu swali la mzee wetu wa Mlowo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma iliyo chini ya Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua kwamba mwenyeji anayekaa kwa desturi ana haki ya kukaa. Ilitambuliwa tu, haikupewa hati. Mwaka 1958 wakoloni walipopendekeza kuanzisha umilikaji wa mtu binafsi, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kupinga, akisema ardhi ni zawadi ya Mungu isiyofaa kugeuzwa bidhaa. Tunakubaliana na theolojia yake hiyo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kiko upande wake. Mwaka 1963 umilikaji wa kudumu waliokuwa nao walowezi ulibadilishwa kuwa upangaji wa serikali. Hata hivyo nafasi ya Gavana ilichukuliwa na Rais, na mkulima alibaki pale pale alipokuwa: mkaaji anayetambuliwa. Wakati wa vijiji, hasa mwaka 1974, watu wengi walihamishwa bila mtu kuuliza mashamba yao ya zamani ni ya nani. Mwaka huo huo Sheria ya Matumizi ya Maji ilitangaza kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri.

Badiliko kubwa lilikuja kwa njia ya mahakama. Katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katikati ya miaka ya 1990 kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali halisi, inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, wala haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Kwa maoni yetu hukumu hiyo yastahili kusomwa katika kila chuo cha theolojia. Mtu aliyekuwa "anatambuliwa" tu tangu mwaka 1928 akawa mwenye mali mbele ya sheria.

Kabla ya hukumu hiyo Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza malalamiko. Sheria mbili za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zilitokea katika hali hiyo, ingawa si yote iliyopendekezwa na Tume yaliyokubaliwa. Na hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Sheria ya mwaka 1999 yenyewe iliizungumzia ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Iliihesabu miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari, na iliweka utaratibu wa kutoa taarifa kwa wakaao hapo na kuwasikiliza kabla ya tangazo. Maana yake ni kwamba mita 60 zilikwisha kuwamo katika sheria zetu, lakini pamoja na mlango wa mkulima kuingia na kusema neno. Miaka mitano baadaye, katika Sheria ya Mazingira, mita zilibaki na mlango hauonekani tena. Kigingi cha Mlowo kilipigwa chini ya sheria ya pili. Laiti kingepigwa chini ya ile ya kwanza, mzee wetu angeliitwa kwenye mkutano.

Tusije tukaonekana tunadharau sababu za serikali, na tuangalie jirani zetu wa Usangu. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, mto ambao kabla ya hapo ulitiririka mwaka mzima. Viboko walikufa katika madimbwi ya matope. Mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipungua na taifa likakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Lawama ziliangukia wafugaji na wakulima wa mpunga wa juu ya mto. Mwaka 1998 sehemu ya Usangu ilitangazwa kuwa pori la akiba; mwezi Machi 2006 Makamu wa Rais alizindua mkakati wa hatua za haraka wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji; mwaka huo na uliofuata wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Ihefu, wengi wakapelekwa mikoa ya Lindi na Pwani. Malalamiko ya ukatili na hasara yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais aliunda tume ya uchunguzi mwaka 2007 chini ya Jaji Othman Chande. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, eneo hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaanza upya.

Katika habari hiyo kuna jambo moja linalosahauliwa. Watafiti waliopima maji ya bonde la Ruaha walionyesha kwamba uendeshaji wa mabwawa yenyewe ulichangia sana katika kukauka kwa Mtera. Lakini hakuna aliyepiga kigingi kwenye ofisi ya bwawa. Amri ya mazingira huanza kwa aliye dhaifu na aliye karibu, kwa sababu ndiye anayefikika kwa urahisi: mwenye jembe bondeni, mwenye fimbo nyuma ya ng'ombe.

Aidha kuna jirani wa upande wa chini, naye hatuna ruhusa ya kumsahau. Maji mengi ya uwanda wa Mbozi huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na kina na lisilo na mto utokao. Tope na dawa za shamba zikishuka kutoka kwetu haziendi baharini. Zinakaa kwa mvuvi wa Rukwa. Anayesema "shamba langu, nifanye nitakavyo" amemnyima mvuvi yule haki yake bila hata kumwona. Mzee wa Mlowo hakusema hivyo, na ni haki kulitaja hilo. Aliuliza ni la nani.

Wanafunzi wetu wakisikia habari za namna hii hukimbilia 1 Wafalme 21, na wana haki. Tunawaomba tu waisome sura hiyo kwa makini zaidi. Ahabu hakulitaka shamba la Nabothi kwa ajili ya ikulu wala kwa ajili ya jeshi. Alilitaka liwe bustani ya mboga, na tena alianza kwa kutoa bei. Uovu haukuwa katika matumizi yaliyokusudiwa. Ulikuja pale ambapo mwenye urithi alikataa, na nguvu ya muhuri wa mfalme ikatumika pasipo kumsikiliza, huku wazee wa mji wakiitikia tu. Wazee wale wa mji ndio wanaotuhangaisha sisi tulio wachungaji. Walipokea barua, wakaitisha mkutano, wakafuata utaratibu.

Hapo twarudi kwa mchungaji wa Mlalo wa mwaka 1947. Kama angesema matuta ni mabaya, angelisema uongo, maana udongo ulikuwa unakwenda. Kama angesema matuta ni mema na kukaa kimya juu ya faini na juu ya mwanamke aliyeazima shamba, angelikuwa kama wazee wa Yezreeli. Huo ndio ugumu wake, na ndio wetu. Kuna jambo moja la ziada kwetu ambalo yeye huenda hakuwa nalo: siku hizi sharika nyingi zina mashamba na viwanja vya Kanisa, vingine kando ya vijito, tena vikiwa na hati. Kwenye safari ile ile ya Mlowo tulipita shamba la usharika mmoja, lililolimwa hadi ukingo wa maji. Hatukuona kigingi ndani yake. Tulimwuliza mwinjilisti kwa nini. Akacheka kidogo, akasema ofisa aliyepima aliheshimu msalaba uliopo pale langoni.

Tumeandika barua kwa baraza la usharika huo tukiomba mambo mawili. La kwanza, shamba lao lipimwe mita 60 kwa hiari yao kabla ya jirani yeyote kupimwa tena, na pale palipoachwa paoteshwe miti ya asili inayotunza maji, si mikaratusi. La pili, wazee wa usharika waende pamoja na mzee yule kwenye halmashauri ya kijiji, wakiwa na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wakaombe mkutano ambao haukuitishwa. Baraza limejibu ombi la pili kwa furaha. Juu ya ombi la kwanza wameandika kwamba bado wanalijadili.